Kuhamisha Tangi Dogo la Matumbawe kutoka Tyubu za T5 kwenda LED

Kosa linaloua matumbawe mengi wakati wa kubadilisha taa hufanyika siku ya kwanza kabisa: mwenye tangi anazima tyubu za zamani bila kupima mwanga wake. Baada ya hapo hana cha kulinganishia. Anaiweka LED kwenye asilimia inayompendeza machoni, na wiki ya pili matumbawe yanaanza kupauka. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kupima, na karibu kila hatua itarudi kwenye namba hizo.

Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: tangi la sentimita 60 kwa 45 kwa 45, yaani lita 120 hivi, lenye tyubu nne za T5 (tyubu nyembamba za floresenti) za wati 24, zile za urefu wa sentimita 55. Ndani yake mna mchanganyiko wa kawaida wa matumbawe: Zoanthus na Discosoma chini, Euphyllia katikati, na Montipora kipande kimoja au viwili juu ya mwamba. Tangi lako likiwa na vipimo vingine, namba zitabadilika lakini utaratibu ni huuhuu.

Sababu za kuhama zinaeleweka. Tyubu nne pamoja na balasti, ambayo mafundi wengi huiita choki, hula karibu wati 105. Kwa saa 10 ni zaidi ya uniti moja ya umeme kila siku. LED inayotosha tangi hili hutumia wati 40 hadi 60. Tyubu za matumbawe nazo hubadilishwa kila miezi 9 hadi 12 hata kama bado zinawaka, na kuzipata kunazidi kuwa kugumu. Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni T5 na T8 za matumizi ya kawaida mwaka 2023, na mwaka huohuo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya tyubu za matumizi ya jumla ifikapo 2027.

Kwa nini tumbawe huungua chini ya taa inayoonekana hafifu

Ndani ya mnofu wa tumbawe mnaishi mwani mdogo mno, zuzanteli, unaotumia mwanga kulitengenezea tumbawe chakula. Mwani huo hujipanga kufuatana na mwanga uliopo. Mwanga ukiwa mdogo huongeza rangi ya kuunasia, ukiwa mwingi huipunguza, na kujipanga huko huchukua wiki mbili hadi nne. Mwanga ukipanda ghafla, mwani hunasa nishati kuliko unavyoweza kuitumia, ziada hiyo huzaa oksijeni kali inayodhuru seli, na tumbawe huutema mwani wake. Kinachobaki ni mnofu usio na rangi juu ya mifupa myeupe. Ndiko kupauka kulikoikumba miamba ya magharibi ya Bahari ya Hindi mwaka 1998 na 2016, ingawa kule chanzo kilikuwa joto la maji. Joto na mwanga husaidiana katika kuumiza, ndiyo maana usibadilishe taa katika wiki ambayo maji yako yanagonga nyuzi 28 na kupanda.

Mtego mkubwa uko kwenye jicho. Binadamu huona vizuri zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 555. LED za matumbawe zinatoa sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye buluu ya nanomita 450 na zambarau ya 400 hadi 430, ambako jicho letu ni dhaifu ilhali zuzanteli ndiko zinakokula. Tangi linaonekana na giza, mwenye tangi anaongeza nguvu mpaka aridhike, na kumbe amewapa wanyama wake mara mbili ya walichozoea.

Tyubu nazo huficha jambo. Tyubu ya mwaka mmoja imeshapoteza sehemu ya mwanga wake polepole sana, bila mtu kugundua. Ukihesabu kwa namba za tyubu mpya zilizoandikwa mtandaoni, utakuwa unaruka kutoka kwenye ngazi ambayo haipo.

Kuchagua taa

Kwa tangi hili, taa moja yenye uwezo wa wati 60 hadi 100, ambayo hutaiwasha kwa nguvu zote, itatosha. Lakini kama fedha inaruhusu, chukua mbili ndogo badala ya moja kubwa. Tyubu nne na vioo vyake humwaga mwanga kutoka upana wote wa kifuniko, kwa hiyo tumbawe linapata mwanga pande nyingi. LED inatoka sehemu moja. Chini ya tawi, nyuma ya mwamba na kwenye kona, kivuli kinakuwa kikali, na baada ya miezi mnofu wa upande wa kivuli unakufa hata kama upande wa juu unapendeza. Taa mbili zilizoachana sentimita 30 hukatiana vivuli. Ukibaki na moja, ipate yenye kioo cha kutawanya mwanga, au itundike juu zaidi.

Usinunue kwa wati zilizochapwa kwenye boksi. Zile taa nyeusi za boksi za bei nafuu zinazoitwa wati 165 zina LED 55 zilizohesabiwa wati 3 kila moja. Ukizipima kwenye plagi, kwa kawaida hula wati 110 hadi 120. Si taa mbaya, ila kwa tangi la kina cha sentimita 45 zina nguvu kupita kiasi, na hazifai kufunguliwa hata nusu mwanzoni. Lenzi nazo zina maana. Digrii 90 hadi 120 ndizo za tangi la kina hiki. Lenzi za digrii 60 hutengeneza duara la moto katikati.

Hakikisha buluu na nyeupe zina chaneli tofauti, na kwamba saa ya taa haipotei umeme ukikatika. Jaribu mwenyewe: panga ratiba, chomoa plagi dakika kumi, chomeka tena. Zipo taa zinazoamka zikiwa asilimia 100 au zikiamini ni saa sita usiku. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kasoro hiyo peke yake inatosha kuikataa taa.

Kuhusu tyubu za LED zinazoingia kwenye soketi za T5: zipo zinazofanya kazi pamoja na balasti na zipo zinazotaka balasti iondolewe na waya kuunganishwa upya. Ukichomeka aina isiyolingana, unaweza kuunguza tyubu, balasti, au kuacha ncha ya tyubu ikiwa na umeme mkononi mwako. Kama huna fundi anayeijua tofauti hiyo, achana na njia hii.

Vifaa vingine

- Mkono wa kushikia taa au waya za kuning'iniza, pamoja na waya wa pili wa usalama
- Breka ya RCD (inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 kwenye laini ya tangi
- Kinga ya kupanda na kushuka kwa umeme, kama ile ya friji
- Wavu wa plastiki wa dirishani, mita moja ya mraba (usitumie wa chuma, utashika kutu na kudondokea majini)
- Kipimajoto, vipimo vya alkalini, naitreti na fosfeti
- Kipima PAR cha kuazima au kukodi kwa siku mbili

Kipima PAR hupima mwanga unaotumika katika usanisinuru, wa nanomita 400 hadi 700. Apogee MQ-510 imetengenezwa kwa ajili ya majini. Ukipata MQ-500, zidisha kila namba ya chini ya maji kwa 1.32. Programu za simu zinazopima lux hazikusaidii hapa: kihisi cha simu huisoma buluu ya LED tofauti na nyeupe ya tyubu, kwa hiyo namba mbili zinazofanana zinaweza kuwa mianga miwili isiyofanana hata kidogo.

Wiki mbili kabla: tuliza maji

Badilisha mkaa wa kuchujia maji sasa. Mkaa mpya huondoa umanjano wa maji na kuruhusu mwanga zaidi ufike chini. Ukiuweka wiki ileile ya kubadilisha taa, matumbawe yanapata nyongeza mbili kwa pamoja. Futa chumvi kwenye kioo cha kufunikia, na amua kama kioo hicho kitabaki au kitaondoka, kwa sababu vipimo vyote lazima vifanyike katika hali moja.

Kisha leta maji mahali pake: joto nyuzi 25 hadi 26, alkalini dKH (digrii za ugumu wa kaboneti) 8 hadi 9, naitreti miligramu 5 hadi 10 kwa lita, fosfeti miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita. Hizo mbili za mwisho zisikupite. Watu wengi huona sifa kuwa na naitreti na fosfeti sifuri, lakini tumbawe lenye njaa likiongezewa mwanga hupauka haraka kuliko lililoshiba. Kama vipimo vyako vinasoma sifuri, ongeza chakula cha samaki au punguza skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu) kwanza, usubiri.

Chora ramani ya mwanga wa zamani

Tyubu zikiwa zimewaka angalau nusu saa na pampu za mawimbi zikiwa zimezimwa, pima PAR katika kina tatu: sentimita 10 chini ya uso wa maji, katikati, na juu ya mchanga. Kila kina pima sehemu tano, katikati na kona nne. Ni namba 15. Halafu weka kihisi sambamba na kila tumbawe unalolijali na uandike namba yake pembeni ya jina.

Ramani ya tangi la mfano inaweza kusoma hivi: juu katikati 220 na konani 170, kati 140 na 110, mchangani 80 na 65. Montipora iko kwenye 200, Euphyllia kwenye 120, Zoanthus kwenye 75. Angalia jinsi kona zilivyo karibu na katikati. Ndiyo tabia ya tyubu, na ndicho utakachokikosa kwenye LED. Kwa kulinganisha, matumbawe laini na ya umbo la uyoga huridhika na 50 hadi 100, ya mnofu mkubwa kama Euphyllia 75 hadi 150, na yenye polipu ndogo kama Montipora na Acropora 200 hadi 350.

Karatasi hiyo itunze.

Kufunga

Zima vyote, toa plagi ukutani. Funga mkono au waya kwenye mbao au zege imara, kamwe si kwenye dari ya jipsamu peke yake. LED nyingi hazizuii maji, na taa ikidondoka ndani ya maji ya chumvi ni hatari ya mauti, kwa hiyo ule waya wa pili wa usalama ni lazima. Kitako cha taa kiwe sentimita 25 hadi 30 juu ya maji. Nyaya zote zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linalotelezea kwenye waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya tangi. Bonyeza kitufe cha kujaribia cha RCD, isipokata, usiendelee.

Acha nafasi ya hewa juu ya feni ya taa. LED inapoa kwa juu, na ikikosa hewa hujipunguza nguvu yenyewe au huungua mapema.

Kifuniko cha T5 usikitoe bado. Kisogeze pembeni.

Kutafuta asilimia yako

Weka nyeupe iwe robo ya buluu au pungufu, zambarau nusu ya buluu, nyekundu na kijani chini ya asilimia 10. Hizo mbili za mwisho hupendezesha macho, lakini zikizidi hulisha mwani wa kwenye vioo.

Sasa rudisha kihisi kwenye tumbawe la juu kabisa lililo karibu na katikati ya taa, na ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka kipima kisome namba ileile ya T5. Tuseme Montipora ilikuwa 200 na LED inafika 200 kwenye asilimia 50. Hiyo 50 ndiyo namba yako ya usawa. Dakika chache za kujaribu haziwadhuru wanyama.

Usawa utafutwe juu, kamwe usiutafute mchangani. LED hujikusanya katikati na kupungua haraka kuelekea pembeni. Ukiilazimisha kona ya mchangani isome 65 kama zamani, tumbawe la juu linaweza kuwa limeshafika 350. Kona zilizopungukiwa zitatuliwe kwa kuinua taa, kuongeza taa ya pili, au kuhamishia pale wanyama wasiotaka mwanga mwingi.

Usianze kwenye 50. Anza kwenye asilimia 70 ya hiyo, yaani 35, kisha: wiki ya kwanza 35, ya pili 39, ya tatu 43, ya nne 47, ya tano 50. Pima tena ukifika 50, kwa sababu asilimia ya kwenye programu na mwanga halisi si lazima viongezeke kwa kiwango kilekile. Ukitaka matumbawe yapate zaidi ya yalivyopata chini ya T5, subiri mwezi mzima yatulie, halafu ongeza PAR isiyozidi sehemu ya kumi kila wiki mbili.

Saa za mwanga

Nguvu ni nusu ya hesabu. Muda ni nusu nyingine. T5 huwaka yote na kuzimika yote, LED hupanda na kushuka. Tumbawe lililokuwa likipata 120 kwa saa 9 lilipata 120 mara 9, yaani 1,080. Ukiipanga LED ipande kwa saa 1, ikae kileleni saa 8, ishuke kwa saa 1, hesabu ni 120 mara 8, jumlisha wastani wa 60 kwa saa 2: 960 na 120, 1,080 ileile. Watu huweka kilele cha saa 10 na kuongezea saa nne za kupanda na kushuka kwa sababu machweo ya buluu yanapendeza, kisha wanashangaa mwani unatoka wapi. Ukitaka buluu ya jioni, iache chini ya asilimia 3.

Ukikosa kipima kabisa

Anza na LED kwenye asilimia 25 hadi 30, taa ikiwa sentimita 30 juu ya maji, na funika juu ya tangi kwa tabaka nne za wavu wa plastiki. Toa tabaka moja kila wiki. Nguvu usiiguse mpaka wavu wote uishe. Njia nyingine nzuri, kama kifuniko chako kina swichi mbili, ni kubaki na tyubu mbili zikiwaka pamoja na LED hafifu kwa wiki tatu, kisha kuzizima. Zote mbili ni za polepole, na upole huo ndio unaokukinga.

Mambo yanayofuata taa

Joto la maji litashuka. Wati 105 za tyubu zilikuwa zikimwaga joto karibu na uso wa maji, na zikiondoka maji yanaweza kupungua nyuzi 1 hadi 2. Dar es Salaam au Mombasa hiyo ni nafuu, feni za kupoozea zitapumzika. Kwa aliye Ulaya wakati wa baridi, hita iwe ya wati 150 hadi 200 na ipimwe kabla. Kiasi cha maji yanayokauka nacho kitabadilika, kwa hiyo fuatilia chumvi kila siku wiki ya kwanza.

Alkalini ipime kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu. Tumbawe linalojipanga upya hujenga mifupa polepole, na ukiendelea kuongeza dozi ileile, dKH inapanda kutoka 8 hadi 10 kimyakimya na kuunguza ncha za Montipora. Baadaye, likishazoea, matumizi yanarudi na hata kuzidi. Fuata kipimo, usifuate mazoea.

Kusoma dalili

Angalia matumbawe asubuhi kabla ya taa kuwaka na tena saa mbili baada ya kilele kuanza. Rangi ikififia kutoka juu kuelekea chini, hasa upande unaoitazama taa, mwanga umezidi: rudi siku hiyohiyo kwenye asilimia ya wiki iliyopita na ukae hapo wiki mbili. Usilihamishe tumbawe na kupunguza taa kwa wakati mmoja, hutajua kipi kimesaidia. Discosoma zinapojikunja na kushuka chini ya mwamba, zinasema hivyohivyo. Zoanthus zikirefuka shingo kama mche unaotafuta dirisha, mwanga umepungua. Rangi kugeuka kahawia hutokana na mwanga mdogo au naitreti nyingi, kwa hiyo pima maji kabla ya kugusa taa. Ncha zilizoungua huku mwili wote una rangi nzuri, tazama alkalini kwanza.

Tumbawe lililopauka halijafa mradi mnofu upo na midomo inafunguka. Lipeleke kivulini, lilishe chakula kidogo laini mara mbili kwa wiki, na ulipe miezi miwili. Inafaa kulipigania: matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na lililokufa si kitu cha kwenda kumegea jingine miambani.

Kila mwezi zima taa, iache ipoe, futa kioo chake kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyochujwa, na upulizie feni vumbi na chumvi. Ukungu wa chumvi hupunguza mwanga taratibu. Mtu akiufuta baada ya miezi sita bila kupunguza nguvu, amewapandishia wanyama mwanga ghafla kama vile amebadilisha taa upya.

Tyubu za zamani

Kaa na kifuniko cha T5 miezi miwili, LED ikiharibika ndicho kitakachookoa tangi. Baadaye zirudishe tyubu kwenye maboksi yake na uzipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya maduka yanayouza taa huzipokea. Zina zebaki. Ikivunjika moja, toa watoto na wanyama chumbani, zima feni, fungua madirisha dakika 10 hadi 15. Usitumie ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, unga uliobaki uuokote kwa gundi ya utepe kisha karatasi yenye majimaji, tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko, na ufunge. Kama imevunjikia juu ya tangi na vipande vimeingia, toa unavyoviona kwa koleo, badilisha nusu ya maji, na uweke mkaa mpya siku hiyohiyo.